Vibao Chini ya Kiti

Mtaani walimwita Fundi Kabari, na jina lilimkaa. Ukimpelekea meza inayoyumba, hakuulizi imeanza lini wala nani aliikalia vibaya. Anapiga goti, anachungulia chini, anachomeka kijipande cha mbao kwenye mguu mfupi, anagonga kwa kiganja, kwisha habari. Maisha yake yote alikuwa akituliza vitu: vitanda, makabati, milango iliyogoma kufunga, madawati ya shule. Kitu kikiyumba mbele yake hapati raha, hata kama si chake. Harusini kwa watu utamkuta ameinama chini ya kitambaa cha meza, mkewe anamvuta shati: "Fundi, kaa bwana, tumekuja kula sisi."

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Na angeponzeka peke yake tungecheka tu, tungemtania, yakaisha. Alimponza na mwenzake.

Mkewe aliteleza bafuni. Povu la sabuni sakafuni, mguu mmoja huku, mwingine kule, na Fundi akiwa karakana nyuma ya nyumba akasikia kishindo, kisha ndoo ikibingirika. Alipofika alimkuta amelala ubavu, macho wazi, hasemi neno. Sasa huyu alikuwa mwanamke wa maneno, tangu waoane hajawahi kukosa la kusema, hata usingizini alikuwa anajibu. Ule ukimya ulimtisha Fundi kuliko kishindo chenyewe. Hospitali waliwaambia hakuna mfupa uliovunjika, mshukuruni Mungu, akapumzike. Basi akapumzika. Akapumzika mpaka kupumzika kukageuka kazi, na siku alipotaka kushuka kitandani aende zake jikoni, akakuta miguu haimtaki.

Wakapelekwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Mwembamba, raba nyeupe miguuni, maneno machache halafu makavu. Alimkalisha mama kwenye kiti, akamwambia ainuke bila kushika kitu, akamtazama anavyohangaika, kisha akavuta stuli akakaa mbele yake.

"Mama, wewe huumwi," alisema. "Umedhoofu. Watu wanadhani balansi iko kichwani. Iko hapa." Akamgonga paja. "Na hapa kwenye vifundo. Misuli ikirudi, na balansi inarudi. Isiporudi, utaanguka tena."

Akamwonyesha. Unakaa kwenye kiti, unakunja mikono kifuani, unarudisha nyayo nyuma kidogo, unainama mbele, unainuka. Kisha unakaa taratibu, si kujibwaga kama gunia. Ukimaliza hapo unasimama kwenye sinki, unaushika ukingo kwa kidole tu, unajinyanyua kwa vidole vya miguu. Halafu mguu mmoja juu, na mwingine juu. Kila siku. "Na ukiona kiti kimekuwa rahisi," akasema, "tafuta kifupi zaidi."

Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe baba, kazi yako ni kusimama karibu. Akianguka, mdake. Akiyumba, mwache. Kuyumba ndiko kujifunza kwenyewe."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Alimsikia vizuri sana, asije mtu akasingizia masikio ya uzee.

Mama hakuwa mtu wa kubembelezwa afanye mazoezi, maana alikuwa na lake. Binti yao, mtoto wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza, na mama alishatoa ahadi: mtoto akizaliwa, atahamia kwa bintiye, akae naye, ambembeleze mjukuu. Na kubembeleza kwake hakukuwa kwa kukaa. Huyo binti mwenyewe, enzi za uchanga wake, alikuwa hanyamazi mpaka abebwe na kutembezwa, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, na mama yake anamwimbia. Mama aliamini mjukuu atakuwa hivyo hivyo. Alitaka awe hivyo hivyo. Alikuwa anausubiri mwendo ule kwa hamu kuliko kitu chochote kilichobaki duniani.

"Lakini si unaweza kutembea ukishika ukuta?" Fundi alimuuliza.

"Nikimbeba mtoto, mikono yote ina kazi. Ukuta nitaushika na nini, na meno?"

Wakacheka. Ila ilikuwa kweli, na wote wawili walijua ni kweli.

Mazoezi yakaanza. Kiti chenyewe ni cha mbao, Fundi alikichonga zamani kwa mkono wake, na kilikuwa cha kimo cha kawaida tu. Mama anakunja mikono, anainama mbele, anajinyanyua, magoti yanatetemeka, anafika nusu, anarudi chini puu! Anajaribu tena. Jasho linamtoka kwenye paji la uso. Fundi amesimama pembeni kama alivyoagizwa, na kila magoti ya mkewe yakitetemeka anaisikia ile ndoo ikibingirika bafuni. Mikono inamwasha. Anaikunja, anaikunjua. Anatoka nje, anarudi.

Siku moja mama alijaribu mpaka akachoka, akabaki amekaa, machozi yanamtiririka bila sauti. "Hii miguu ya nani hii?" akauliza. "Fundi, hii si miguu yangu."

Ewe Fundi! Hapo ndipo ulipotakiwa ukae naye, umpe maji, umwambie kesho tena. Basi. Hakuna kingine kilichohitajika.

Asubuhi yake, mama alipoingia kuoga, Fundi alikibeba kile kiti mpaka karakana. Akakata vibao vinne vyembamba, akavibandika kwa gundi chini ya miguu ya kiti, akavipiga msasa, akavipaka rangi ile ile ya kiti hadi ukikitazama huoni kitu. Akakirudisha mahali pake, akaweka pimamaji juu yake kuhakikisha kimekaa sawa. Kilikuwa sawa kabisa. Kazi safi, hilo tusimnyime.

Siku ile mama aliinuka.

Aliinuka akasimama, akabaki anajishangaa, mikono bado imekunjwa kifuani. "Umeona? Fundi, umeona?"

"Nimeona."

"Ngoja nirudie." Akakaa, akainuka. Akapiga kelele ya furaha mpaka jirani akauliza dirishani kuna nini. Akachukua simu akampigia binti yake: "Wee! Jiandae! Mama yako anakuja, amekuwa msichana!"

Furaha ile ndiyo iliyommaliza Fundi. Mwanaume amepewa furaha kubwa namna hiyo kwa vipande vya mbao ambavyo angevitupa motoni, unadhani ataacha? Mama akichoka kidogo, Fundi anaongeza kibao. Mama akilalamika goti, kibao. Alijiambia atavitoa baadaye, mama akishapata nguvu. Lakini nguvu zitoke wapi, wakati kila miguu ilipotaka kufanya kazi, yeye ameshaifanya kwa niaba yake? Dada yule alisema kiti kishuke. Fundi alikuwa anakipandisha.

Na mama si mjinga, alianza kuona mambo. "Mbona siku hizi nikikaa nyayo hazigusi chini vizuri?"

"Mgongo umenyooka," Fundi akajibu. "Mazoezi hayo."

"Na meza mbona kama imeshuka?"

"Mbao za zamani zinasinyaa, mama."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Maisha yao yote Fundi akisema kitu kiko sawa, kinakuwa sawa. Ilipofika tarehe ya kurudi kwa yule dada wa mazoezi, Fundi akasema kuna haja gani ya kujichosha na safari, wakati mgonjwa mwenyewe anainuka vizuri. Mama akakubali, akijivuna. Hata zoezi la sinki akawa analiruka siku nyingine. Ya nini tena, naye ameshapona?

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima. Mama akafunga sanduku lake, akatia na soksi alizofuma, wakaenda.

Kwa binti yao walimkuta mama mkwe wake, mama yake kijana aliyemwoa. Mwanamke mpole, hana makuu. Alikuwa amekaa na mzazi kuanzia siku ya kutoka hospitali, akimsubiri mama mwenye zamu yake, na mkoba wake ulishafungwa uko mlangoni. "Karibu, dada yangu," akasema. "Nakuachia kiti cha enzi. Huyu bwana mdogo hanyamazi mpaka atembezwe."

Mama akamtazama mumewe, uso mzima umejaa kicheko. Si nilisema?

Wakamkaribisha kwenye kochi. Lilikuwa kochi la kawaida, laini, fupi, la kuzama. Fundi alilitazama kwa jicho la kazi, na jicho lake halijawahi kumdanganya kwenye vipimo. Alitaka kusema "mama, kaa huku kwenye kiti cha mezani," lakini angesema kwa sababu gani? Mama akaketi.

Wakamwekea mjukuu mikononi. Akamnusa, akamsalimia, akamwita mume wake. Mtoto akavumilia kidogo kisha akaangua kilio.

"Haya mama," binti akasema, "kazi yako hiyo."

"Tulieni muone wenyewe." Akarudisha nyayo nyuma, akainama mbele, kama alivyofundishwa. Hakuinuka. Akacheka. "Kochi lenu linanivuta hili." Akajaribu tena. Mtoto analia. Akakaza meno, akajinyanyua, makalio yakaacha kochi, magoti yakaanza kutetemeka, akayumba upande, na binti yake akaruka akamdaka mtoto. Mama akarudi chini, puu.

Mtoto pekee ndiye aliyekuwa anaongea.

"Nyumbani nainuka," mama akasema. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. "Jamani, nyumbani nainuka bila kushika kitu. Sisemi uongo. Muulizeni baba yenu. Fundi, waambie."

Wote wakamgeukia Fundi.

"Anainuka," akasema.

Ndilo jibu alilotoa. Alikuwa na nafasi ya kusema, akasema hilo. Binti yake akamtazama mama yake kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu mzima aliyeanza kujidanganya, na Fundi akaiona, akainyamazia.

Mama mkwe akampokea mtoto taratibu, bila kujionyesha, akaanza kutembea naye. Mlangoni, dirishani. Dirishani, mlangoni. Mtoto akanyamaza. Baadaye kidogo mkoba ule uliokuwa mlangoni ukarudishwa chumbani, na binti akaja kukaa kando ya mama yake, akamshika bega. "Mama, usijisumbue. Wewe pumzika tu nyumbani. Tutakuwa tunakuletea umwone."

Walirudi na sanduku lao lile lile, halijafunguliwa. Njia nzima mama hakusema neno. Fundi aliutambua ukimya ule. Alishaukuta sakafuni bafuni.

Walipofika, mama alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Akakaa. Akainuka, bila shida. Akakaa tena, akainuka tena. Kisha akabaki amesimama, anakitazama kile kiti kwa muda mrefu.

"Fundi, kigeuze."

"Nini?"

"Umenisikia. Kigeuze kiti."

Akakipindua juu chini. Kwa juu rangi ilificha, lakini huko chini gundi ilikuwa imechuruzika, na vibao vilionekana vimepangana, kimoja juu ya kingine. Mama akainama kwa shida, ameshika meza, akavigusa kwa kidole.

"Vyote hivi?"

"Vyote."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyolia."

Fundi alisubiri matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini mama aliongea polepole, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilimpigia mtoto simu nikamwambia nimekuwa msichana. Ulikuwa umekaa hapo hapo unanisikiliza."

"Niliogopa utaanguka. Nilikuonea huruma, mama."

"Ulinionea huruma nikiwa na wewe peke yetu humu ndani. Mbona hukunionea huruma kule kwenye kochi, mbele za watu?"

Akasema nisamehe, na neno likatoka dogo, halikutosha hata kwake mwenyewe. Mama akakaa pembeni ya kitanda. "Lete msumeno," akasema. "Ondoa vyote. Na kuanzia leo usinishike, usinisaidie, usinipe hata pole. Simama pale."

Wakaanza upya, na safari hii hapakuwa na kelele za furaha. Walirudi kwa dada wa mazoezi, Fundi akamweleza mwenyewe, amekaza macho sakafuni. Dada yule hakumfokea. Alimpima mama, akaandika maelekezo mapya, akasema, "Misuli inarudi hata uzeeni. Ila hairudi haraka, na muda huu mmeuchezea." Akawapa mpira wa kufunga juu ya magoti na kuusukuma, na ngazi fupi ya kupanda na kushuka.

Fundi alisimama pale aliposimamishwa. Mama anayumba, yeye mikono nyuma, ameshikana vidole mpaka vinauma. Mama anaanguka kwenye kiti, anajaribu. Zilipita siku nyingi haendi hata nusu. Kisha akaenda nusu. Kisha asubuhi moja akainuka, kiti kikiwa kwenye kimo chake cha kweli, na hakusema umeona. Akakaa, akarudia. "Kipunguze miguu," akasema. Fundi akaipunguza. Akaja kumchongea kigoda, na kigoda nacho akakishinda. Akawa anapiga mswaki kwa mguu mmoja, mkono mmoja kiunoni, bila hata kugusa sinki.

Alasiri moja Fundi alikuwa anatoka karakana akapita kwenye dirisha la sebule. Mkewe alikuwa ndani, amebeba mfuko wa unga kifuani, kaufunga kwenye shuka, anatembea nao. Mlangoni, dirishani, mlangoni. Na anaimba. Fundi alirudi karakana akakaa juu ya mbao, akalia kama mtoto. Wala hakukuwa na mtu wa kumwambia nyamaza.

Ujue kwamba muda wote huo mtoto wa watu hakuwa amesimama kuwangoja. Waliletewa wamtazame, mama akawa anampakata amekaa, mito kushoto na kulia, binti akiwa amenyoosha mikono chini yake. Mama alikubali yote hayo. Alikuwa amejiapiza hatajisifu tena kwa mtu mpaka awe na uhakika.

Ilipofika siku ya kwenda, alijua yeye mwenyewe. Alivaa gauni lake la kijani, akapanda ngazi za kwa bintiye bila kugusa reli. Wakamkaribisha kwenye kochi lile lile. Akaketi, akazama. Mama mkwe alikuwepo, binti alikuwepo, wote wale wale. Mama akakunja mikono kifuani, akainama mbele, akainuka. Hivyo tu, bila kusema tazameni. Binti yake akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nileteeni mume wangu," mama akasema.

Hakukuwa na haja ya kuletewa. Alikuja mwenyewe kutoka chumbani, kwa miguu yake, anapepesuka, gari la plastiki mkononi. Mama akakunja magoti, akamnyanyua, akamweka kifuani, akaanza kutembea kuelekea dirishani, imara, hayumbi hata chembe. Akaanza kuimba.

Hakufika dirishani. Mtoto alijinyonga mikononi mwake, akasukuma kifua chake kwa viganja vyote viwili. "Chini!" akasema. "Chini! Chini!"

Mama akamshusha.

"Siku hizi hataki kubebwa kabisa huyo," binti akasema akicheka, machozi ya furaha bado yako machoni. "Akishajua kutembea, basi, hana habari na mtu."

Mtoto akaondoka mbio, akajikwaa ukingo wa zulia, akayumba. Mikono ya Fundi ikaruka yenyewe.

"Mwache, Fundi," mkewe akasema.

Fundi akairudisha mikono. Mtoto akapepesuka, akatanua miguu, akasimama, akaendelea na safari yake. Mama alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, hajashika kitu, mikono imebaki imejikunja pale pale alipokuwa mtoto. Wengine walikuwa wanapiga makofi. Walimpigia makofi yeye, kwa kupona kwake, na walistahili kufurahi, maana kweli alikuwa amepona.

Alirudi akaketi taratibu kando ya mumewe, na makofi yalipokwisha akamsemesha kwa sauti ya chini, ya wao wawili tu.

"Ungeniacha niyumbe, Fundi, ningembeba."

"Najua."

"Alikuwa anabebeka."

"Najua, mama."

Fundi hakuomba tena msamaha. Wakakaa wanamtazama mtoto anavyozunguka meza. Binti yao alipotokea jikoni na sinia la chai, mkewe ndiye aliyeinuka kumpokea.